Cheti Umepata, Sasa Panda: Mbinu kwa Muuguzi wa Lituhi Aliyesomea Ujerumani

Umemaliza. Miaka mitatu ya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, imekwisha, mtihani wa kuandika, wa mdomo na wa vitendo umepita, na mkononi una karatasi inayokuruhusu kuitwa Pflegefachfrau au Pflegefachmann, muuguzi mwenye taaluma. Lituhi habari imeshafika. Kuna mjomba ameshaanza kukuita daktari. Hongera sana.

Sasa kaa tuzungumze kazi. Karatasi hiyo inakupa ajira, haikupi cheo. Ujerumani hakuna atakayekupandisha kwa sababu hukuwahi kuchelewa zamu. Mshahara utasogea kidogo kidogo miaka ikienda, lakini kazi itabaki ileile usipoomba nyingine.

Na wanaobaki palepale si wavivu. Mara nyingi ndio wachapakazi kuliko wote. Simu ikilia siku ya mapumziko, mwenzao anaumwa, wanakwenda. Nyumbani wakiomba, wanatuma. Miaka mitano inapita hivyo, na wale waliokataa zamu mbili za ziada kila mwezi ili wakae darasani ndio sasa wanaowapangia ratiba. Kwa hiyo ukiniuliza jambo la kwanza ni lipi, nakwambia: linda siku zako za mapumziko kama unavyolinda mshahara. Mengine yote yanasimama juu ya hilo.

Karatasi kabla ya sherehe

Kabla hujahama mji wa shule, omba vitu vitatu ofisini. Cheti cha ruhusa ya kutumia jina la taaluma, matokeo yako ya mtihani, na orodha ya saa ulizosoma kwa kila somo na kwa kila wodi uliyopitia. Hiyo ya tatu wengi huisahau. Sheria ya uuguzi iliyoanza Januari 2020 inataka saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo, na kila baraza la uuguzi duniani litakalokupima litataka kuona saa hizo umezitumia wapi. Ukiiomba sasa utaipata kwa wiki moja. Ukiiomba baada ya miaka kumi, karani aliyekujua ameshastaafu.

Zitafsiri kwa Kiingereza kwa mtafsiri aliyeapishwa na mahakama ya hukohuko. Tunza nakala kwenye simu, kwenye barua pepe, na kwa mtu mmoja unayemwamini nyumbani.

Wewe wa Lituhi una jambo lako la pekee. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kwa hiyo cheti chako cha kuzaliwa huenda kinasema Mbinga na kitambulisho cha NIDA kinasema Nyasa. Karani wa ofisi ya wageni hajui habari za kumegwa wilaya. Anaona mtu mmoja aliyezaliwa sehemu mbili. Angalia pia majina: matatu kwenye cheti cha kidato cha nne, mawili kwenye pasipoti, na la ubatizo limeongezeka katikati.

Rekebisha hayo ukiwa likizo nyumbani, si siku ofisi inapokupa wiki mbili za kujibu. Cheti cha kuzaliwa ni mambo ya RITA, na kwa wilaya yako utaanzia Mbamba Bay. Kisichorekebishika, kifanyie hati ya kiapo kwa wakili. Wavuvi wa dagaa kwetu hawangoji giza liingie ndipo watafute mafuta ya karabai.

Kibali nacho hakijigeuzi chenyewe. Ulikuwa na kibali cha mafunzo, sasa unahitaji kibali cha mfanyakazi mwenye taaluma. Peleka maombi wiki kadhaa kabla cha zamani hakijaisha, na ubaki na uthibitisho kwamba umeyapeleka.

Weka tarehe nyingine kwenye kalenda: miaka miwili tangu uanze kazi. Aliyesomea fani yake Ujerumani anaweza kuomba kibali cha kudumu baada ya miaka miwili ya kazi ya fani hiyo, akiwa na miezi 24 ya michango ya pensheni, Kijerumani cha B1 na masharti ya kawaida kama makazi ya kutosha. Wewe B1 uliivuka zamani. Omba mapema. Mwenye kibali cha kudumu hubadilisha mwajiri bila hofu, na mwajiri analijua hilo.

Uraia ni habari nyingine, usiharakishe. Ujerumani tangu Juni 2024 haikulazimishi kuacha uraia wa kwenu. Tanzania ndiyo hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa kule, wa huku umeuacha, na asiye raia hamiliki ardhi Tanzania kama raia anavyomiliki. Fikiria kiwanja chako cha pale Lituhi kando ya ziwa kabla hujajaza fomu.

Mkataba wa kwanza

Usisaini pale ulipofunzwa kwa sababu tu wamekuzoea. Wauguzi ni adimu Ujerumani, na safari hii wewe ndiye unayetafutwa. Chukua mikataba miwili au mitatu, ilinganishe mezani.

Jua sakafu iko wapi. Katika huduma za wazee, kima cha chini kilichoanza Julai 2025 ni euro 20.50 kwa saa kwa muuguzi mwenye taaluma na euro 16.10 kwa msaidizi. Kwa wiki ya saa 39 tofauti hiyo ni zaidi ya euro 700 kwa mwezi kabla ya makato. Ndiyo thamani ya miaka yako mitatu. Asije mtu akakuweka kwenye daraja la msaidizi "kwa muda" kwa sababu eti bado unajifunza lugha.

Hiyo ni sakafu tu. Hospitali za umma hulipa kwa jedwali la TVöD, ambako muuguzi huanzia daraja la P7 au P8. Hospitali za Kanisa, za Caritas na Diakonie, zina jedwali lao linaloitwa AVR. Uliza mkataba unafuata jedwali gani, daraja gani, hatua ya ngapi. Jibu likiwa "tutaelewana", ondoka.

Halafu uliza swali ambalo wengi wetu tunaona haya kuuliza: mtanilipia kozi gani, lini, na nitahesabiwa kuwa kazini nikiwa darasani? Jibu liandikwe. Soma pia kifungu kinachokufunga: mwajiri akikulipia kozi ndefu, kwa kawaida atataka ubaki miaka kadhaa au umrudishie sehemu ya fedha. Si dhambi. Hakikisha tu deni linapungua kila mwezi unaokaa.

Hospitali au nyumba ya wazee? Cheti chako cha sasa kinafungua milango yote miwili. Kama unawaza kurudi nyumbani siku moja, mimi nakusukuma hospitali, angalau miaka miwili ya mwanzo. Utakutana na upasuaji, dharura, mahututi. Nyumba ya wazee ina sifa yake: uongozi unafikika haraka zaidi. Lakini mtu aliyekaa huko tu tangu amalize atapata shida kumweleza mfawidhi wa hospitali ya Peramiho au Litembo anajua kufanya nini.

Lugha ya kuandika

Unaongea vizuri. Wagonjwa wanakupenda, unacheka nao. Basi ujue cheo hakitolewi kwa maongezi, kinatolewa kwa maandishi.

Anayesoma taarifa zako ni daktari, mkuu wa wodi, bima, na siku mbaya, mwanasheria. Sentensi zako zikiwa fupi na zenye makosa, watakuona mtu wa kunyanyua na kuosha. Zikiwa safi, watakukabidhi makubwa.

Fanya hivi. Kila wiki chagua aina moja ya taarifa: kidonda, kuanguka, maumivu, mgonjwa anayekataa dawa. Tazama mwenzako mzoefu anaiandikaje. Nakili muundo wa sentensi kwenye daftari lako, bila jina la mgonjwa wala namba yake. Wiki inayofuata andika hivyo wewe, na umwombe mtu mmoja akusahihishe papo hapo. Baada ya nusu mwaka hutajitambua.

Makabidhiano ya zamu usiyakwepe. Jitolee kuyaongoza, hata kama sauti inatetemeka. Ndipo wakuu wanapokusikia.

Kijerumani cha C1 si lazima kwa kazi, lakini kwa chuo na kwa uongozi itakusaidia sana. Ifanye mwaka wa kwanza, kichwa kikiwa bado na moto wa shule.

Na simu iwe kwenye kabati. Picha moja ya wodi kwenye status, mgonjwa ameonekana nyuma, inaweza kukufukuzisha kazi. Wa Lituhi wataamini unafanya kazi hata bila picha.

Usibaki kwenye beseni

Kuosha mgonjwa ni kazi ya heshima, na wewe utaifanya siku zote. Ila sheria ya 2020 ilitenga kazi ambazo ni muuguzi mwenye taaluma peke yake anayeruhusiwa kuzifanya: kupima mgonjwa anahitaji huduma gani, kupanga na kuongoza huduma hiyo, na kuhakiki ubora wake. Msaidizi haruhusiwi. Wewe umeruhusiwa kisheria.

Kwa hiyo ukiona kila asubuhi unapewa vyumba kumi vya kuosha na mwenzako mliyemaliza naye anapanga huduma, sema. Usisubiri kikao cha mwaka. Mwendee mkuu wa wodi ukiwa na pendekezo: nipe wagonjwa watatu niwasimamie mwanzo hadi mwisho. Pendekezo hujibiwa haraka kuliko lalamiko.

Kama tatizo ni rangi yako, andika tarehe, saa, maneno na mashahidi, siku hiyohiyo. Halafu nenda kwa baraza la wafanyakazi. Hospitali za Kanisa zinaliita MAV, kwingine Betriebsrat au Personalrat. Wapo kwa kazi hiyo, na wewe unawapigia kura.

Ngazi zipi zipo

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu kozi ni nyingi na kila chuo kinajisifu. Nakupa zile ninazoziona zinalipa kwa mtu wa kwetu.

Ya kwanza ni Praxisanleiter, yule anayefundisha wanafunzi wodini. Unahitaji mwaka mmoja wa kazi, kisha mafunzo ya saa 300, na baada ya hapo saa 24 za kujinoa kila mwaka. Sheria inazitaka hospitali zimpe mwanafunzi angalau asilimia 10 ya saa zake za vitendo akiwa na mwalimu wa aina hii, kwa hiyo wanatafutwa kila mahali. Wewe una faida ambayo Mjerumani hana: unajua ugumu wa kuja na B2 na kuambiwa maneno ya wodini kwa lahaja ya kijijini. Wanafunzi wageni ni wengi sasa, na wodi inamhitaji mtu anayewaelewa. Omba hii mwaka wako wa pili.

Ya pili ni vidonda. Kozi ya msingi ya Wundexperte, mtaalamu wa vidonda, inayotambuliwa na chama cha vidonda sugu ICW, ina saa 56 za darasani na saa 16 za kutazama kazi sehemu nyingine. Ni fupi, utaimaliza bila kuacha kazi. Mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inasafiri. Mguu wa mgonjwa wa kisukari, kidonda cha kulalia, jeraha la moto wa jikoni: hayo yapo mjini Würzburg na yapo Lituhi. Dawa za bei kubwa hutazikuta nyumbani, lakini kujua kusoma kidonda, kukisafisha, kukipunguzia mgandamizo na kukiandika vizuri hakuhitaji mtambo.

Ukitaka mshahara na ujuzi mzito, nenda wagonjwa mahututi na usingizi. Hii ni safari: miaka miwili ukiwa kazini, angalau saa 720 za darasani na 1,800 za vitendo, na kabla ya kuanza uwe umefanya kazi katika kitengo hicho angalau nusu mwaka. Ukimaliza, kwenye jedwali la umma unalenga P9. Zipo kozi za namna hiyo za kusafisha damu, saratani na dharura. Usiingie kwa mshahara peke yake. Zamu za mahututi zinakula mtu, na miaka miwili hiyo hutakuwa na wikiendi za kujivunia.

Uongozi una njia mbili. Mkuu wa wodi huanzia kozi ya uongozi ambayo hospitali nyingi hulipia zenyewe. Kwenye huduma za wazee, cheo cha mkuu wa uuguzi, PDL, kinataka angalau miaka miwili ya kazi ya fani ndani ya miaka minane ya mwisho, pamoja na mafunzo ya saa 460. Haya mafunzo ya saa 460 ni mazuri kwa anayeota kufungua huduma yake mwenyewe, huko au nyumbani, kwa kuwa utajifunza hesabu, ratiba na sheria.

Chuo kikuu je? Inawezekana hata bila kidato cha sita cha Ujerumani. Mwenye fani iliyokamilika na miaka mitatu ya kazi anaweza kuomba shahada inayohusiana na fani yake. Uongozi wa uuguzi na ualimu wa uuguzi ndizo zinazochukuliwa sana. Ila ujue mapema: kufundisha nadharia kwenye shule ya uuguzi kunataka shahada ya uzamili. Ni miaka mingi. Kama huna hamu ya vitabu, Praxisanleiter inakutosha, na hakuna aibu.

Chagua moja. Mtu mwenye vyeti sita vya siku mbili mbili hana utaalamu wowote.

Fedha ya kozi

Anza na mwajiri. Akikataa, kuna Aufstiegs-BAföG, msaada wa serikali kwa kozi ndefu za kupanda katika fani. Nusu ya ada ni ruzuku, nusu ni mkopo nafuu. Umri hauzuii, na mgeni mwenye kibali kinachofaa anastahili. Kozi lazima ifikie saa 200, kwa hiyo ile ya vidonda haiingii. Hiyo utailipa mwenyewe, mia kadhaa za euro, na risiti utaipeleka kwenye marejesho ya kodi.

Kama hujatimiza miaka 25 na ulipata alama nzuri, omba Weiterbildungsstipendium, ufadhili wa kujiendeleza katika fani. Wenzetu hawaombi kwa sababu wanadhani ni ya Wajerumani tu. Uliza.

Majimbo mengi yanakupa pia siku tano kwa mwaka za kwenda kusoma huku mshahara unaendelea. Bavaria haina hiyo. Uko Würzburg, yaani ndani ya Bavaria? Basi siku hizo zipiganie kwenye mkataba.

Na sasa la nyumbani, kwa sababu hapa ndipo fedha ya kozi inapozama. Januari ni ada za shule. Masika paa linavuja. Halafu msiba, halafu send-off, halafu injini ya boti. Hutakataa yote, wala usikatae. Panga kiasi kimoja kwa mwezi, tuma tarehe ileile, na umtume mtu mmoja agawe, mama au kaka mkubwa. Sema wazi: hii ndiyo yote hadi mwezi ujao. Akaunti ya kozi iwe tofauti, na usimwambie mtu ina kiasi gani. Mwaka wa kwanza watanung'unika. Wa pili watazoea.

Watakaokuja kwako na simu

Ukishakuwa na cheo kidogo, mawakala watakutafuta. Watakwambia: tuletee vijana kumi kutoka Ruvuma, tutakupa kamisheni. Usiguse.

Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Ya mwaka 2023 ina nchi 55 na Tanzania imo. Ujerumani imeandika kwenye kanuni zake kwamba kutafuta watu wa uuguzi kutoka nchi za orodha hiyo ni kazi ya Shirika lake la Ajira la serikali peke yake. Wakala binafsi anayefanya hivyo anavunja kanuni, na wewe unayemsaidia umo ndani. Akikutajia makubaliano ya uhamiaji ambayo Ujerumani ilisaini Septemba 2024, hayo ni ya Kenya.

Kijana wa kwetu anaweza kuomba nafasi mwenyewe, moja kwa moja kwa hospitali au shule. Hilo halijakatazwa. Mfundishe kuandika barua ya maombi, mwelekeze Goethe-Institut Dar es Salaam, mwambie ukweli kuhusu B2. Fedha yake usiishike hata shilingi.

Ukiwaza kurudi

Wengine mtabaki, wengine mtarudi, na wengi mtakuwa mnabadili mawazo kila mwaka. Jiandae kama anayerudi hata kama hujaamua, kwa sababu maandalizi yenyewe ni marefu.

Jambo kubwa kuliko yote ni ukunga. Ujerumani mkunga ni taaluma ya pekee, na tangu 2020 inasomewa chuo kikuu. Wewe hukusomea kuzalisha. Tanzania muuguzi na mkunga ni mtu mmoja. Kwenye zahanati ya mwambao usiku wa saa nane, mama akiletwa na mtumbwi, hakuna atakayekuuliza ulisomea wapi. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linaijua tofauti hii. Waandikie kabla hujafunga mizigo, waambatishie ile orodha ya saa zako, uwaulize watataka nini: mtihani, mazoezi ya vitendo, au kusoma ukunga kwanza. Cheti kisicho cha shahada, ulinganifu wake ni suala la NACTVET. Shahada ni TCU.

Chukua pia barua kutoka mamlaka ya afya ya jimbo lako inayosema leseni yako haina doa. Barua hiyo huchakaa haraka, iombe miezi michache kabla ya safari.

Mikono yako nayo ina mapengo. Kanula kule mara nyingi huwekwa na daktari. Hapa ni wewe, na mtoto mwenye malaria kali hangoji. Tafuta kozi au wodi ya dharura inayoruhusu wauguzi kuchoma, na ushike mkono. Upande wa pili, utakuta ndugu ndio wanaomwogesha na kumlisha mgonjwa. Usiwadharau wala usiwapokonye. Wafundishe kumgeuza kila baada ya saa mbili, na vidonda vya kulalia vitapungua bila dawa.

Tumia likizo moja kuonja. Wa Ruvuma una njia fupi kuliko wengi. Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898 na hospitali yao ya Mtakatifu Yosefu inajulikana vizuri Ujerumani. Jimbo Katoliki la Mbinga lina udugu na Jimbo la Würzburg tangu 1989, na Hospitali ya Litembo imefaidika na uhusiano huo. Liuli, chini kidogo ya kwenu ziwani, kuna hospitali ya Waanglikana. Andika barua, omba wiki mbili za kutazama kazi. Bila leseni ya Baraza usiguse mgonjwa, hata wakikubembeleza. Tazama, uliza, sikiliza kwa nini wanafanya walivyofanya. Mtu aliyekuja na "kule Ujerumani sisi" siku ya kwanza haitwi tena.

Hesabu za mwisho ni za pensheni na kibali, na hizi watu huziharibu kwa haraka. Ukishafikisha miezi 60 ya michango Ujerumani, una haki ya pensheni ya uzeeni hata ukiwa umekaa Lituhi. Mtu aliyeondoka Ulaya anaweza kuomba kurudishiwa michango baada ya kungoja miezi 24, lakini anarudishiwa sehemu yake tu, si ya mwajiri, na haki zote za miaka hiyo zinafutika. Ukiwa na miaka mitatu, huenda inafaa kuchukua. Ukiwa na miaka minane, iache ilale.

Kibali cha kudumu nacho hufa ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Kama unakwenda kujaribu kazi nyumbani, nenda kwanza ofisi ya wageni, eleza, uombe muda mrefu zaidi kwa maandishi kabla hujaondoka. Mkuu wa wodi mwombe likizo bila malipo badala ya kuacha kazi, na siku ya mwisho usitoke bila barua yake ya sifa za kazi. Mpe Mjerumani unayemwamini aisome kabla hujaipokea, kwa kuwa sifa za barua hizo zina madaraja yake, na sentensi ambayo kwetu ingesomeka kama pongezi inaweza kuwa alama ya D. Una haki ya kudai irekebishwe.